Hesabu ya mwezi na hesabu ya mbu



Tarehe 2 Agosti 2027, mwezi utafunika jua kabisa kule Misri, karibu na muji wa Luxor, kwa muda wa dakika zaidi ya 6. Wenye kuchunguza nyota wanajua siku, saa na dakika. Wanajua hata njia kivuli kitapitia juu ya inchi. Vilevile tarehe 21 Juni 2001, wakati jua lilifunikwa kabisa kule Lusaka na huku kwetu Katanga mwanga wa muchana ukapunguka sana, vitabu vilikuwa vimekwisha kusema mbele. Hesabu ilitoka sawasawa.

Sasa nenda ku kituo cha afya, uulize munganga swali moja ndogo: «Munganga, katika ule mwezi wa Agosti 2027, watoto wangapi wa kartie yetu watagonjwa malaria?» Atakuangalia tu. Hana jibu. Na si yeye peke yake: hata wakubwa wa matematiki katika universite za Ulaya na Marekani hawana.

Namna gani hii? Mwezi uko mbali nasi karibu kilometa 384 000, na njia yake tunaijua. Mbu iko hapa karibu, juu ya ukuta wa chumba, na hatujui itafanya nini kesho. Safari hii tuzungumuze juu ya fumbo hilo. Sababu gani matematiki inaweza sana mambo ya vitu visivyo na uzima, lakini inachoka mbele ya vitu vyenye uzima? Na kama inachoka, inatufaa nini? Musidhani ni mambo ya wasomi tu. Mutaona kwamba mutu asipoelewa jambo hili, anaweza kukataa shauri lenye kuokoa mutoto wake.

MUNGANGA ALIYEHESABU MBU

Zamani watu walifikiri malaria inatoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Jina lenyewe, kwa luga ya Italia, maana yake ni hewa mbaya. Lakini tarehe 20 Agosti 1897, kule Secunderabad katika inchi ya India, munganga mumoja Mwingereza, Ronald Ross, alipasua mbu chini ya mikroskopi, akaona kijidudu cha malaria tumboni mwake. Kwa kazi hiyo alipata zawadi ya Nobel katika mwaka 1902.

Ross akaanza kuwaambia wakubwa wa serikali: «Tupunguze mbu.» Wengi walimucheka. Walisema: mbu ni kama muchanga wa muto, nani ataziua zote? Ukiacha hata chache, malaria inabaki. Basi kazi ni ya bure.

Ross hakuwajibu kwa makelele. Alishika kalamu akahesabu. Katika mwaka 1908, nyuma ya safari yake kwenye kisiwa cha Mauritius, alionyesha kwa hesabu kwamba si lazima kuua mbu zote. Kuko mupaka fulani. Mbu zikipunguka chini ya mupaka huo, malaria inajimaliza yenyewe, hata kama mbu zingine zinabaki.

Tufanye mufano wetu, wa kujifunza tu. Tuseme mugonjwa mumoja anaumwa na mbu 20. Kijidudu kinahitaji siku 10 ao zaidi ndani ya mbu ili kikomae, na mbu nyingi zinakufa mbele ya siku hizo. Tuseme zinabaki 4. Kila moja inauma watu 2. Wanakuwa watu 8. Katika hao 8, tuseme 3 wanashikwa na ugonjwa. Basi mugonjwa 1 amezaa wagonjwa 3. Hao 3 watazaa 9, hao 9 watazaa 27, kisha 81. Kartie yote inalala na homa.

Sasa tupunguze mbu, tubakize robo moja tu. Mugonjwa anaumwa na mbu 5, inabaki 1 yenye kukomaza kijidudu. Inauma watu 2. Ukifuata hesabu ileile, wagonjwa 4 watazaa wagonjwa 3. Unaona? Ukianza na wagonjwa 100, watakuja 75, kisha 56, kisha 42, na nyuma ya mizunguko 8 watabaki karibu 10. Mbu bado ziko, zinalia ku masikio usiku, lakini ugonjwa unakufa.

Ile hesabu ya «mugonjwa mumoja anazaa wangapi» ndiyo mulango wa yote. Ikiwa zaidi ya 1, ugonjwa unapanda. Ikiwa chini ya 1, unashuka.

Nyuma ya Ross, wengine waliendelea. Katika mwaka 1927, Waskoti wawili, McKendrick na Kermack, waliandika hesabu ya magonjwa ya kuambukiza ambayo inatumika hata leo. Waligawanya watu katika mafungu matatu: wale wanaoweza kushikwa, wale wanaogonjwa sasa, na wale waliomaliza, ni kusema waliopona ao waliokufa. Huyu Kermack alikuwa kipofu. Alipoteza macho katika mwaka 1924, akiwa kijana wa miaka 26, kwa ajali ya kazi katika laboratwari. Lakini hakuacha kazi. Vijana munaosema matematiki ni nguvu sana kwenu, mumufikiri ndugu huyu.

Kisha, katika miaka ya 1950, George Macdonald alionyesha jambo lingine. Alisema: musiangalie tu mbu ni ngapi, muangalie zinaishi siku ngapi. Ikiwa kila siku mbu 10 kwa 100 zinakufa, nyuma ya siku 10 zitabaki 35 katika kila 100. Lakini ikiwa kila siku 30 kwa 100 zinakufa, nyuma ya siku 10 zitabaki 3 tu. Kumbe kufupisha maisha ya mbu kidogo kunaleta matunda makubwa! Ndiyo maana ya kupuliza dawa ku kuta za nyumba. Ndiyo maana tena chandarua chenye dawa kinasaidia hata jirani ambaye hana chandarua: mbu iliyogusa chandarua chako haitafika kwake.

Hapa matematiki ilishinda. Sasa tuone fasi iliposhindwa.

FASI HESABU ILIKOSA

Katika mwaka 1955, Shirika la Afya la Ulimwengu, lile tunaloita OMS, lilianza vita kubwa ya kufuta malaria, kwa nguvu ya dawa ya DDT na hesabu ya Macdonald. Katika inchi nyingi ugonjwa ulimalizika. Lakini katika mwaka 1969 OMS ilikubali kwamba haiwezekani kuufuta kila fasi kwa njia ile.

Karibu na wakati huo, tangu 1969 mpaka 1976, wataalamu walifanya kazi kubwa kule Garki, kaskazini ya Nigeria. Walipuliza dawa ndani ya nyumba, waligawa dawa kwa watu wote wa vijiji vingine, na walihesabu mbu na damu ya watu kwa uangalifu sana. Malaria ilipunguka, lakini haikukatika. Sababu moja: mbu hazina tabia moja. Zingine zinapumuzika ku ukuta nyuma ya kuuma, zikakutana na dawa. Zingine zinatoka inje.

Tuchukue mufano wa karibu zaidi. Katika Septemba 2014, wakati Ebola ilikuwa inaua watu kule Liberia, Sierra Leone na Guinea, ofisi kubwa ya afya ya Marekani, CDC, ilitoa hesabu. Ilisema: kama hakuna kitu kitabadilika, kufika Januari 2015 wagonjwa wa Liberia na Sierra Leone wanaweza kufika 1 400 000. Ulimwengu ukatetemeka. Kisha nini? Ugonjwa ulipomalizika, wagonjwa wote wa zile inchi tatu walikuwa zaidi kidogo ya 28 600, na waliokufa zaidi ya 11 300. Ni musiba mukubwa, lakini si milioni.

Wengine walisema: «Munaona? Wataalamu wanadanganya.» Pole pole, ndugu yangu. Soma tena maneno yao: kama hakuna kitu kitabadilika. Na vitu vilibadilika. Watu waliacha kuosha maiti kwa mikono. Wagonjwa walitengwa. Misaada ilikuja, na hesabu yenyewe ilisaidia kuiharakisha. Munakumbuka Yona na muji wa Ninawi: watu walisikia onyo, wakageuka, na muji haukuangamia. Yona alikasirika, lakini onyo lilikuwa limefanya kazi yake.

MAFUNDO TATU YASIYOFUNGULIWA

Basi, tatizo liko wapi? Wataalamu wa leo wana kompyuta zenye nguvu ambazo Ross hakuota. Hata hivi kuko mafundo ambayo hayajafunguliwa. Nitataja matatu.

Fundo la kwanza: watu hawafanani. Hesabu inapenda kugawanya sawasawa, ile tunaita wastani. Lakini angalia: wachimbaji wawili wametoka ku shimo, mumoja na mifuko 10, mwingine mikono mitupu. Wastani ni mifuko 5 kwa kila mutu. Nenda ukaambie bibi ya yule wa pili! Ni vile na magonjwa. Katika mwaka 1995 Ebola ilishika watu 315 kule Kikwit, katika inchi yetu. Wataalamu walikuja kuhesabu nyuma, wakaandika katika mwaka 2004 kwamba, mbele ya watu kuanza kujilinda, mugonjwa mumoja aliambukiza kwa wastani karibu watu 1,83. Lakini nani aliona mutu nukta 83? Ukweli ni kwamba wagonjwa wengi hawakuambukiza mutu hata mumoja, na wachache waliambukiza wengi sana, zaidi sana mule lopitali.

Malaria ni vile. Uchunguzi uliotoka katika mwaka 2005 juu ya watoto wa Afrika ulionyesha kwamba karibu watu 20 kwa 100 wanapokea karibu 80 kwa 100 ya maambukizo yote. Ni kusema katika avenue moja, nyumba chache zinabeba muzigo mukubwa. Pengine ziko karibu na mashimo ya matofali, ao mashimo ya zamani ya machimbo yenye kujaa maji ya mvua. Ile mbu ya malaria inapenda sana maji madogo yenye kupigwa na jua. Tena hata damu hazifanani: tangu mwaka 1954, kwa kazi ya munganga Anthony Allison, tunajua kwamba mutoto mwenye damu AS analindwa zaidi na malaria kali, ingawa yule wa SS anateswa na ugonjwa wa damu. Kuingiza tofauti hizi zote katika hesabu moja, bila hesabu kuwa nzito hata haisogei tena, ni kazi ambayo haijamalizika.

Fundo la pili: kitu chenye uzima kinajibu. Mwezi hausikii tunapohesabu njia yake. Haukimbii, haujifichi. Lakini ukipiga vita na kijidudu, nacho kinageuka. Wazee wetu wanakumbuka Nivaquine, ile klorokini iliyoponyesha karibu kila homa ya malaria. Mwisho wa miaka ya 1950, kule Asia na Amerika ya Kusini, vijidudu vilianza kuizoea. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 jambo hilo lilionekana Afrika ya Mashariki, kisha likatufikia. Leo dawa ile haitegemewi tena huku kwetu kwa malaria kali ya watoto wetu. Mbu nazo zinazoea dawa za chandarua.

Na kiumbe chenye kujibu kuliko vyote ni mutu. Kumbukeni Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa walikuwa 3 470, waliokufa 2 287. Chanjo ilikuwako, waganga walikuwako. Lakini kulikuwa na risasi, watu walikimbia vijiji, na uvumi ulienea: «Ugonjwa huu ni biashara.» Mutu aliyeogopa kituo cha afya alificha mugonjwa nyumbani. Sasa ambieni mwalimu wa hesabu: uvumi utauandika kwa namba gani? Woga ni kilo ngapi? Hapa matematiki inapashwa kuketi pamoja na wale wanaojua mioyo ya watu, na mazungumuzo hayo yangali machanga.

Fundo la tatu: kujua vipande vyote si kujua kitu kizima. Kuko munyoo mudogo wa udongo, urefu wake milimeta 1. Wataalamu wanauita Caenorhabditis elegans. Una chembe za mishipa ya fahamu 302 tu. Katika mwaka 1986 wachunguzi wa Uingereza walitoa ramani ya namna chembe hizo zinavyoungana, moja kwa moja. Miaka mingi imepita. Hata hivi, ukiwapa wataalamu ramani ile, hawawezi kukuambia kwa hakika kila kitu ambacho munyoo ule utafanya. Kipande chaweza kujulikana, lakini namna vipande vinaongea pamoja, saa kwa saa, ni kitu kingine. Na kichwa cha mutu kiko na chembe kama hizo karibu 86 000 000 000! Mutu akijua kila bulu ya motere ya kamyo, anajua kamyo itatembea namna gani. Lakini mwili si kamyo. Unajitengeneza wenyewe ukiwa njiani, na unabadilika unapokuwa unatengenezwa.

BASI HESABU INATUFAA NINI?

Wengine watasema: kama ni vile, tuache. Hapana. Angalia vizuri Ross alifanya nini. Hakutabiri watu wangapi watagonjwa mwaka fulani. Alijibu swali lingine: tukifanya kazi ya kiasi gani, itatosha? Na jibu lake liliondoa uvivu wa wale waliosema kazi ni ya bure. Hiyo ndiyo nguvu ya hesabu ya vitu vyenye uzima. Hesabu ya mwezi inasema: itakuwa. Hesabu ya mbu inasema: kama mukifanya hivi, itakuwa hivi, kama mukiacha, itakuwa vile. Katika ile kama ndimo uzima wetu unakaa.

Basi mukisikia ku radio namba kubwa juu ya ugonjwa, musiulize tu: «Ni kweli ao ni uongo?» Muulize: «Walisema kama nini?» Na ikiwa watu walijilinda na ile namba haikutimia, musiwaite waganga waongo. Washukuruni. Yule anayengojea onyo litimie ndipo aliamini, ataliamini ku makaburi.

Jambo la pili: hesabu nzuri inaanza chini. Kompyuta ya mbali haiwezi kujua kwamba nyuma ya nyumba ya mama fulani kuko shimo la maji. Ninyi munajua. Vijana wa kartie moja wanaweza kushika kaye moja, waandike kila juma: nyumba gani ilikuwa na homa, tarehe gani, maji yametuama wapi. Nyuma ya mvua mbili mutaanza kuona zile nyumba chache zenye kubeba muzigo. Pelekeni kaye hiyo ku kituo cha afya. Ikiwa kuna feza kidogo ya kujaza mashimo, ao kuna vyandarua vichache, mutajua kuanzia wapi. Msaada wa kugawanya sawasawa unaonekana ni wa haki, lakini mara nyingine unaacha mutoto wa ile nyumba ya mwisho, karibu na shimo, akifa.

Jambo la tatu ni kwenu wanafunzi. Masomoni wengi wanafikiri matematiki imekwisha, vitabu vimejaa, kazi yetu ni kukopia ku tableau. Sivyo hata kidogo. Mafundo haya matatu yanangojea mutu. Ross alikuwa munganga, si mwalimu wa hesabu. Alijifunza yeye mwenyewe. Kermack alihesabu bila macho. Anayekaa katikati ya mbu, mashimo na watu anaona mambo ambayo mutu wa Ulaya haoni. Mukipenda biolojia, musikimbie hesabu. Mukipenda hesabu, mutoke siku moja mukaangalie maji ya shimo.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Katika avenue yetu, nyumba gani zinashikwa na homa mara nyingi kuliko zingine? Ni sababu gani?

2. Tulisikia wapi onyo ambalo halikutimia? Halikutimia kwa kuwa lilikuwa uongo, ao kwa kuwa watu walibadilika?

3. Mutoto akiambiwa: «Mbu ni nyingi, chandarua chako ni bure», atajibu nini kwa hesabu ya wagonjwa 4 wenye kuzaa 3?

Andikeni majibu yenu mutuletee. Mubaki salama, na usiku mushushe vyandarua.